Jadida: Kofia Moja, Vichwa Viwili

Wapo wanaosema ukitaka kumjua mwenzako, safiri naye. Mimi naongeza kidogo: safiri naye kwa pikipiki. Kwenye ndege kila mtu ana kiti chake na mkanda wake. Kwenye pikipiki mnagawana kiti, upepo na vumbi, na ikitokea kuanguka mnaanguka wote. Mimi na mume wangu tulianguka wote. Ila hatukuumia sawa, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikuletee safari hii mwezi huu.

Lakini ngoja kwanza nikupeleke mahali penyewe, maana Pemba haistahili kuanzwa na habari ya ajali.

KARIBU JADIDA

Jadida ni mtaa wa mji wa Wete, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Jina ni la Kiarabu na maana yake ni "mpya". Mama mkwe wangu, ambaye kazaliwa hapo hapo, anasema tangu apate akili hajawahi kuuona ukiwa mpya. Wete wenyewe umekaa kilimani na unateremka taratibu mpaka bandarini, kwenye majahazi na mashua. Ukisimama juu, bahari unaiona imekaa kati ya mikoko na visiwa vidogo, imetulia kama sinia.

Mume wangu ni mtoto wa Jadida. Mimi ni mtoto wa Ilala, Dar es Salaam, niliyezoea foleni, kelele na kukimbizana na muda wa kupeleka gazeti kiwandani. Mara ya kwanza alipoleta posa nikaambiwa, "Mpemba huyo, utaishia kula karafuu." Sikuishia kula karafuu, ila niliishia kupenda harufu yake. Msimu wa mavuno ukiwadia, Wete nzima inanukia. Majamvi yanatandikwa uani, barazani, hata pembeni mwa barabara, karafuu zinaanikwa kutoka rangi ya kijani na waridi mpaka zinakuwa kahawia. Unapita na nguo zako safi, unafika unakokwenda unanukia kama umejipaka manukato ya bure.

Asubuhi Jadida inaanza na adhana, halafu jogoo, halafu sauti ya fagio uani. Mama mkwe huleta chai ya viungo na mkate wa kumimina, na ole wako useme umeshiba. Jioni wanaume wanakaa barazani na kahawa, na mtu akitoka mjini anapitia halua, maana halua ya Wete ina jina lake. Hakuna muziki wa kukutoa roho, hakuna honi za hasira. Kama wewe na mwenzako mmechoka na Dar au Nairobi na mnataka siku nne za kusikilizana, nendeni.

Zamani usafiri wa kijana wa Wete ulikuwa baiskeli. Bado zipo nyingi, mtu kapakia majani ya ng'ombe, mwingine kampakia mkewe kwenye kerea. Lakini siku hizi pikipiki zimeingia kila mtaa, na barabara nazo zimebadilika. Kati ya mwaka 2008 na 2013, kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, barabara tano za vijijini Pemba zilijengwa kwa lami, jumla yake kama kilomita 35. Mama mjamzito anafika hospitali haraka, karafuu zinafika mjini haraka. Na kijana mwenye pikipiki naye anafika haraka zaidi. Lami haichagui nani wa kumharakisha.

"HAPO TU KONDE"

Sasa basi. Miaka miwili iliyopita tulikuwa Jadida kwa wiki moja, na mume wangu akaniahidi kunipeleka Vumawimbi. Huo ni ufuko mweupe, mrefu, uliotulia kabisa, upande wa Ras Kigomasha. Njiani mnapita Konde, kisha mnaingia msitu wa Ngezi, ambao ni kipande kilichobaki cha msitu wa asili uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa. Humo kuna mpapindi, aina ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Pemba tu, na kuna popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani kwingine kokote duniani. Mwalimu wangu wa fizikia (ndiyo kazi ya mume wangu) alikuwa anasema hayo huku macho yanamng'aa kama mwanafunzi.

Tukaazima pikipiki ya shemeji. Shemeji akaifuta vumbi, akaijaza mafuta, halafu akatoa helmeti iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Akampa kaka yake.

"Dereva avae. Askari wakikuona kichwa wazi, siku yako imeharibika."

Akanigeukia mimi. "Shemeji, ngoja nikakuazimie moja kwa jirani."

Nikiwa mkweli kwako msomaji wangu, hapa ndipo ninapopata aibu. Nilikuwa nimesuka siku mbili tu nyuma, nimefunga mtandio wangu vizuri, na picha za Vumawimbi nilishaziona kichwani. Nikajibu, "Aa, shemeji, usijisumbue. Si hapo tu Konde?"

Hapo tu Konde. Kutoka Wete ni kama kilomita 15. Nikapanda kwa kukaa upande, kama wanavyokaa wanawake wengi waliovaa baibui, nikamshika mume wangu kiuno, tukaondoka. Mama mkwe alitusindikiza kwa dua mpaka tukapinda kona.

Siku ilikuwa nzuri mno. Sitakusimulia Vumawimbi, kaione mwenyewe. Tulikula pweza kwa vidole, tukaongea mambo ambayo Dar tunayasogeza kila siku: kodi, mtoto wa pili, kazi yangu inayonirudisha nyumbani saa tatu usiku. Tulipoanza kurudi jua lilikuwa limeshaanza kuzama, na pembeni mwa barabara watu walikuwa wanazoa karafuu zao kabla ya umande.

Baada ya Konde, ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba upande wa kushoto akaamua kuvuka. Mume wangu hakuwa anakimbia. Alishika breki, akamkwepa ng'ombe, lakini kamba ikawa mbele yetu na tairi la nyuma likateleza kwenye mchanga. Yeye akaangukia upande wake. Mimi, niliyekaa upande bila kushika chuma chochote, nikatupwa nyuma. Nilisikia kichwa changu kikigonga lami. Sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia: kama dafu likidondoka sakafuni.

Nikasimama. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofanya, kusimama na kujikung'uta mchanga. Watu wakaja mbio, mwanamke mmoja akanifunga kanga yake begani. Wote wananiuliza, mimi najibu lile neno moja tunalolijibu sote.

"Niko sawa."

ALOANGUKA MKARAFUUNI HALAZWI

Tulifika Jadida tukicheka kwa woga. Kiwiko changu kilikuwa kimechubuka, nyuma ya sikio kuna nundu. Mume wangu alivua helmeti akaigeuza geuza. Upande wa kulia kulikuwa na mkwaruzo mrefu na ufa mwembamba. Na yeye aligonga kichwa, tena pengine kuliko mimi. Hakuwa na hata alama.

Nikasema nataka kulala. Mama mkwe akakataa.

"Mkaza mwanangu, weye hulali saa hizi. Kwetu huku aloanguka mkarafuuni, hata akisimama mwenyewe akajikung'uta, haachwi peke yake mpaka kuche."

Ukiwa Pemba utaelewa. Mikarafuu ni mirefu, matawi yake ni mepesi kukatika, na kila ukoo unamjua mtu aliyeanguka. Basi akakaa nami kitandani, ananisemesha. Saa mbili usiku nikatapika. Saa tatu nikatapika tena. Baadaye wakanieleza kwamba nilimuuliza mume wangu mara tatu, "Tumefika saa ngapi?", na kila alipojibu nilishukuru kana kwamba nasikia kwa mara ya kwanza. Mama mkwe hakungoja zaidi. Jirani akatoa gari, nikapelekwa hospitali.

Daktari alikuwa kijana, mpole, anaongea taratibu. Alinimulika machoni, akaniambia nikaze mikono, akaniuliza mwezi gani, nikakosea. Walinilaza usiku kucha na kila baada ya muda mtu alikuja kuniamsha aone kama naamka vizuri. Asubuhi akatuambia ni mtikisiko wa ubongo, nimebahatika, nipumzike. Halafu akamweleza mume wangu alichokuwa anakihofia usiku ule. Kichwa kikigongwa, mshipa unaweza kupasuka ndani ya fuvu na damu ikaanza kujikusanya polepole. Kwa saa moja au zaidi mtu anaongea, anacheka, anaomba chai. Damu inapozidi, inaubana ubongo, na kutoka hapo mambo yanakwenda haraka sana. "Na kati ya Wete na madaktari bingwa wa ubongo wa Mnazi Mmoja, Unguja," akasema, "kuna bahari."

Mume wangu hakusema kitu. Alikuwa bado ameshika ile helmeti mkononi, sijui kwa nini aliibeba mpaka hospitali.

HESABU ZA MWALIMU

Wiki mbili zilizofuata sikuweza kusoma ukurasa mmoja bila kichwa kuuma. Mhariri asiyeweza kusoma, jamani! Taa iliniumiza, kelele iliniumiza, na hasira ilinijia bila hodi. Siku moja ikamwangukia mume wangu.

"Mlikuwa na kofia moja na vichwa viwili, na kofia ikaenda kwako."

"Mbona ulikataa ya jirani?"

"Mbona hukusisitiza? Ningesahau mkoba ungesisitiza."

Tulinyamaziana siku nzima. Najua nawe umeshanyamaziana na mtu kwa kosa ambalo kila mmoja wenu anajua nusu yake ni lake. Nusu yangu ilikuwa misuko na picha. Nusu yake ilikuwa kwamba alivaa helmeti kwa sababu ya askari, na askari hamtazami sana abiria. Hakuna hata mmoja wetu aliyevaa au kukataa kwa kufikiria kichwa.

Usiku akaja na karatasi. Kumbuka ni mwalimu wa fizikia; kuomba radhi kwa maua hajui. Alikuwa amepiga hesabu. Ukiwa kwenye pikipiki ya mwendo wa kilomita 50 kwa saa na kichwa chako kikagonga kitu kisichosogea, pigo lake ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi kwenda juu. Akachora mti.

"Huo ni mkarafuu," akasema. "Hakuna mtu Wete anayeweza kuanguka kutoka huko akasema si kitu. Lakini kila siku tunapanda juu yake, tunasema hapo tu Konde."

Akanionyesha na hesabu ya pili. Hata pikipiki ikiwa imesimama kabisa, kichwa kikianguka kutoka mita moja na nusu kinafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kwa hiyo ile hoja ya "tulikuwa tunakwenda polepole" nayo ikafa. Ile karatasi ninayo mpaka leo, iko kwenye droo ya vito vyangu.

NIKO SAWA, MANENO YA HATARI

Macho yaliporuhusu kusoma, nilisoma sana habari za vichwa. Nikamkumbuka Natasha Richardson, yule mwigizaji wa Uingereza, mke wa Liam Neeson. Machi 2009 alikuwa Quebec, Canada, anajifunza kuteleza kwenye theluji, mchezo ambao sisi wenye theluji moja tu ya Kilimanjaro tunauona kwenye televisheni. Alianguka kwenye mteremko wa wanaoanza. Hakuwa amevaa helmeti. Akainuka, akasema yuko sawa, akatania. Baada ya muda kichwa kikaanza kumuuma. Siku mbili baadaye alifariki, akiwa na miaka 45. Ilikuwa ni ile damu aliyoihofia daktari wa Wete. Niliposoma hapo nilienda kumpigia simu mama mkwe, nikamshukuru upya.

Kinachonivutia kwa watu wa theluji ni walivyobadilika. Takwimu za chama cha wenye viwanja vya mchezo huo Marekani zinaonyesha kwamba msimu wa 2002/03 aliyevaa helmeti alikuwa mmoja katika kila wanne. Miaka kumi baadaye walikuwa asilimia 70. Hakukuwa na sheria ya nchi iliyowalazimisha watu wazima. Wazazi walianza kuwavisha watoto, helmeti zikawa nyepesi na nzuri, wanamichezo mashuhuri wakazivaa, na siku moja asiyevaa ndiye akaonekana mshamba.

Vietnam ilipita njia nyingine. Huko pikipiki ni kama daladala zetu. Desemba 15, 2007 sheria ilianza kumtaka kila dereva na kila abiria wa pikipiki avae helmeti, kwenye barabara zote. Uvaaji ukapanda kutoka chini ya nusu mpaka zaidi ya asilimia 90. Ila sheria haikutembea peke yake. Kulikuwa na helmeti nyepesi zenye matundu ya hewa, zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi ya joto, kwa hiyo mtu hakuwa na kisingizio cha jasho.

Na je, zinasaidia kweli? Uchambuzi wa tafiti 61 uliochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulikuta kwamba kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali, helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa vijana hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa watu wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko sababu nyingine yoyote. Huo ndio umri wa kupenda, kuoa, kuolewa na kuanza kazi.

MMEKWENDA MWEZINI?

Mwaka jana tulirudi Jadida. Safari hii tulibeba helmeti mbili mpya za Kariakoo. Yangu ni ya rangi ya maziwa, na bei yake haikufika ya viatu nilivyonunua kwa harusi ya mdogo wangu, viatu nilivyovivaa mara moja. Kwenye boti watu walitutazama kama tumebeba masufuria.

Barazani Jadida vijana hawakutuacha.

"Yakhe, mwenda mwezini?"

"Shemeji, huko ndani kuna kiyoyozi?"

Mume wangu alianza kuwapa somo la mita 10. Niliona macho yao yanavyokwenda pembeni. Nani anataka fizikia kwenye kahawa? Akaja mama mkwe, akaitaka ile ya rangi ya maziwa, akaivaa juu ya ushungi wake pale pale mbele ya wote. Akatikisa kichwa kulia, kushoto.

"Haitoki," akasema. "Na hainibani. Basi mwenzenu alipata kisa akaniuliza saa mara tatu, mie nikadhani nampoteza. Nyie chekeni."

Hawakucheka tena. Na sidhani ni kwa woga. Ni kwamba bibi wa heshima alikuwa ameshaivaa, kwa hiyo helmeti ilikuwa imetoka kwenye mambo ya askari na kuingia kwenye mambo ya nyumbani.

Siku iliyofuata wifi yangu, mke wa shemeji, akanijia jikoni kwa aibu kidogo. Alikuwa anakwenda Gando na mumewe. Angeweza kujaribu ile yangu? Tukasaidiana kutafuta namna. Ushungi mzito wenye fundo nyuma ulifanya helmeti ikae juu juu, ikicheza. Tukavua pini zote, maana pini ikipigwa inaingia ndani ya ngozi. Akavaa ile kofia nyembamba ya pamba ya kuvaa ndani ya hijabu, akapitisha mtandio mwepesi shingoni bila fundo, kisha helmeti. Baibui tukaikusanya na kuifunga isije ikaingia kwenye mnyororo. Akajitazama kwenye kioo.

"Napendeza?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli: anapendeza. Shemeji alipomwona akatabasamu kama siku ya harusi, halafu, bila kuambiwa na mtu, akaenda kwenye msumari nyuma ya mlango. Ile iliyopasuka tulishaitupa. Akachukua ya kaka yake, akaivaa, akafunga na mkanda wa kidevuni. Mwaka uliotangulia alikuwa akiivaa bila kufunga mkanda, na helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Tulikaa wiki nzima. Tulikwenda tena Vumawimbi, mimi nimekaa kwa kutanua miguu, na suruali pana chini ya gauni, nimeshika kiuno cha mume wangu. Tulipofika pale penye ng'ombe alipunguza mwendo, akagonga helmeti yangu kwa kidole, mara mbili. Sasa ndiyo salamu yetu. Tuko Dar tunaifanya, hata kwenye gari.

Siku ya kuondoka, helmeti yangu haikuwa ndani ya begi. Wifi alikuwa ameenda nayo kazini. Mume wangu akataka kumpigia simu. Nikamwambia aache. Nilirudi Dar mikono mitupu, nikanunua nyingine Jumatatu yake.

MWEZI HUU MWULIZE MWENZAKO

Wewe na mwenzako mnapanda bodaboda mara ngapi kwa wiki? Kuwahi kazini, kurudi usiku kutoka kwenye harusi, kwenda "hapo tu". Helmeti mnazo ngapi? Kama jibu ni moja, naomba leo usiku mzungumze nani huwa haivai, na kwa nini. Msigombane, sisi tulishagombana kwa niaba yenu. Haya ndiyo niliyojifunza, yabandike kwenye friji:

1. Kila kichwa na helmeti yake. Kama mnaogopa helmeti za bodaboda kwa sababu ya jasho la watu wengine, mna haki. Nunua yako, au beba kofia nyembamba ya pamba ya kuvaa ndani na uifue.

2. Ijaribu kabla ya kulipa. Ifunge mkanda, tikisa kichwa, jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, si saizi yako. Chini ya mkanda viingie vidole viwili tu.

3. Tazama ndani. Kinachookoa ni lile povu gumu, kama la maboksi ya samaki wa barafu. Likipigwa linabonyea na kumeza pigo, na likishabonyea halirudi. Ganda la plastiki lenye sponji laini peke yake ni kofia ya kumridhisha askari.

4. Iliyopata ajali hutupwa, hata kama ufa hauonekani. Usimpe mdogo wako, usiuze. Na ukinunua ya mtumba hujui imeshaangukia wapi.

5. Mtu akigonga kichwa, msimwache alale peke yake. Akitapika, akirudia maswali, akichanganyikiwa, akiumwa kichwa kinachozidi au akisinzia isivyo kawaida, hospitali mara moja, hata kama anasema yuko sawa.

Na mkitaka kwenda Jadida, kuna boti kutoka Unguja mpaka Mkoani, kusini mwa Pemba, na kuna ndege ndogo zinazotua nje kidogo ya Chake Chake. Kutoka Mkoani daladala hupita Chake Chake, na kutoka hapo mpaka Wete ni kama kilomita 30. Vaeni nguo za heshima, salimieni kila baraza, msikatae chai. Mkipita mtaani mkaona mwanadada kwenye pikipiki, mtandio mwepesi shingoni na helmeti ya rangi ya maziwa kichwani, msalimieni. Mwambieni wifi yake hajaidai.